Kabla Firimbi Haijalia

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotangazwa redioni)

Leo asubuhi nataka tumfikirie mtu mmoja ambaye wengi wetu humkumbuka tu tunapotaka kumlaumu. Mtu huyo ni refa wa kandanda. Huenda mama mmoja huko jikoni anasema, "Hayo ni ya vijana, acha nipike chai." Endelea kupika, mama, lakini usizime redio. Una watoto nyumbani, na labda una msichana anayekusaidia kazi, na habari ya refa itakufikia huko huko jikoni.

Tunapokwenda uwanjani, sisi huangalia mpira. Refa tunaanza kumtazama anapopiga firimbi na kunyoosha mkono upande tusioutaka. Lakini kazi yake ilianza kabla hatujafika. Alizunguka uwanja akaona kama mistari inaonekana na kama nyavu zimefungwa sawasawa. Alikagua njumu za wachezaji, akahakikisha kila mmoja amevaa kinga ya kulinda muundi. Mwenye pete au mkufu aliambiwa auvue, wala hakuruhusiwa kuufunika kwa plasta, maana sheria ya mchezo inakataa hata hilo. Halafu akawaita manahodha wawili, na makocha pia, akasema nao. Maneno hayo machache ndiyo ninayotaka tuyasikilize.

Refa mzuri hasemi mengi. Sheria za kandanda ni 17, na akianza kuzisoma zote, wachezaji watapoa miguu na watazamaji watakwenda zao. Yeye husema yale ambayo mtu asipoambiwa mapema ataona ameonewa. Atasema, kwa mfano, "Nahodha, ukiwa na swali njoo wewe, tena njoo peke yako. Wenzako wakinizunguka, nitatoa kadi." Husema hivyo manahodha wote wawili wakiwa wamesimama mbele yake pamoja, ili asiwepo wa kudai kwamba mwenzake aliambiwa jingine pembeni.

Kwa kocha atasema, "Kocha, waelekeze vijana wako kwa sauti upendayo, lakini ukinitukana utatoka." Na hapa kuna jambo ambalo makocha wengi wa timu ndogo hawalijui mpaka liwapate. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu refa kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu, kama mchezaji. Tena mtu akitukana kutoka kwenye benchi, na refa asiweze kutambua ni nani, kadi humwendea kocha mkuu aliyepo hapo. Hebu fikiri! Mzee mzima aadhibiwe kwa tusi la mtu mwingine, bila kuwahi kusikia kwamba sheria iko hivyo. Angeweza kukasirika mwaka mzima. Lakini akiambiwa dakika kumi mapema, yeye mwenyewe atageuka na kuwaonya watu wa benchi lake, na huenda refa asilazimike kutia mkono mfukoni hata mara moja.

Kuna mambo mengine ambayo refa hana ruhusa kuyafanya kama hayakusemwa kabla. Hapa kwetu Kenya jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, wala halimngojei mtu. Mechi iliyopangwa saa kumi mara nyingi huanza saa kumi na moja, kwa sababu lori la wageni lilikwama njiani. Hesabu mwenyewe: dakika 45 mara mbili, na mapumziko katikati. Giza litawakuta uwanjani. Sheria inakubali vipindi vipunguzwe, ikiwa kanuni za mashindano zinaruhusu, lakini refa na timu zote mbili wapatane kabla mchezo haujaanza. Ukiuliza kwa nini iwe kabla, ngoja mpaka dakika ya 60, timu moja ikiwa imefunga mabao mawili. Nani atakubali kupunguza dakika wakati huo? Neno lolote la refa litanuka upendeleo. Lakini mpira ukiwa bado katikati ya uwanja, hakuna ajuaye dakika hizo zitamfaa nani, na kwa hiyo wote wanaweza kukubaliana kwa moyo safi.

Wakati mwingine shida ni kwamba neno limesemwa, lakini halikueleweka. Tarehe 23 Julai 1966, katika uwanja wa Wembley mjini London, Uingereza ilicheza na Argentina katika Kombe la Dunia. Refa alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Alimfukuza nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, na watu hao wawili hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Rattín akakataa kutoka, na mchezo ukasimama dakika kadhaa. Mwingereza mmoja, Ken Aston, ambaye alikuwa akiwasimamia marefa wa mashindano yale, aliondoka na fikira hiyo kichwani. Alipokuwa akiendesha gari aliziangalia taa za barabarani, akaona kwamba njano na nyekundu humwonya kila dereva, hata asiyejua Kiingereza. Kadi zikaanza kutumiwa katika Kombe la Dunia huko Mexico mwaka 1970, na katika mashindano yale yote hakuna mchezaji aliyeonyeshwa nyekundu. Ya kwanza katika Kombe la Dunia ilitoka mwaka 1974. Sisemi kwamba ni kadi zilizowatuliza watu. Lakini kila mmoja sasa alijua anaambiwa nini.

Mfano mwingine ni wa karibuni zaidi. Kabla ya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, Pierluigi Collina, aliyeongoza marefa wa FIFA, alitangaza kwamba muda wote utakaopotea utarudishwa, hata watu wakiona ni mrefu. Uingereza na Iran walipocheza, kipa wa Iran aliumia kichwa, na mechi ile iliongezwa zaidi ya dakika 20 kwa vipindi vyote viwili. Wengi waliokaa mbele ya televisheni walishangaa. Lakini jambo hilo lilikwisha kutangazwa, tena lilitendwa kama lilivyotangazwa.

Kutenda ndiko kunakotushinda. Kwa miaka mingi sheria ilisema kwamba kipa asishike mpira zaidi ya sekunde 6, na karibu kila refa aliwaachia makipa washike watakavyo. Siku refa mmoja alipoamua kuitumia, yeye ndiye aliyeonekana mkorofi! Tangu Julai 2025 kipa amepewa sekunde 8, na akipita, wapinzani hupewa kona. Na sasa refa huinua mkono juu, akahesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho, kipa akiona. Mimi napenda sana jambo hilo. Adhabu imekuwa rahisi kutolewa, lakini onyo limewekwa mbele yake, wazi, mbele ya macho ya watu wote.

Na refa asiahidi asichoweza kutimiza. Yuko yule anayeanza kwa ukali: "Leo atakayefungua mdomo atatoka!" Dakika ya tano kijana anapigwa kwanja, anapaza sauti, "Refa!" Basi refa afanye nini? Akimtoa, amemdhulumu mtoto aliyeumia. Asipomtoa, amekuwa mwongo, na wachezaji wote 22 wamekwisha kujua.

Sasa mama, chai imechemka, nami nimefika jikoni. Yule msichana anayekusaidia, ulimwambia nini siku aliyofika? Ulimwonyesha sufuria na mahali pa kulala. Je, ulimwambia saa ngapi kazi yake inakwisha? Ulimwambia kama anaweza kwenda kanisani Jumapili, na kama kikombe kikivunjika ni bahati mbaya au ni mshahara? Au atayajua hayo siku utakapomfokea?

Wala tusiwasumbue kina mama peke yao, maana sisi wazee wa kanisa tuna la kujibu. Tuseme kuna kijana katika kwaya. Anasimamishwa kuimba kwa sababu amekosa mazoezi mara tatu. Anauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Mzee anamjibu, "Kila mtu anajua." Kumbe kijana huyo Jumamosi hupata kibarua cha kubeba matofali, na pesa hizo ndizo zinazomlipia mdogo wake karo. Kama angeambiwa mwezi wa kwanza alipojiunga, angesema shida yake, na labda mazoezi yangesogezwa mpaka jioni. Hakuambiwa. Sasa haji kanisani kabisa, na mama yake ameanza kukaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

"Kila mtu anajua." Ndugu zangu, tulichunguze neno hilo. Wanaojua ni sisi tuliotangulia kufika. Mgeni hajui, wala mtoto, wala aliyeolewa juzi kutoka mbali, wala aliyeokoka mwezi uliopita. Tukiwaadhibu kwa sheria iliyo kichwani mwetu tu, hatuwafundishi njia njema. Tunawafundisha kutuogopa, na mtu anayekuogopa hujificha. Naijua sababu inayotufanya tunyamaze. Sheria ikisemwa wazi itatufunga na sisi pia: mtoto wa mzee naye akikosa mazoezi mara tatu, itabidi asimame pembeni kama yule mbeba matofali.

Leo ukipata nafasi, fungua kitabu cha Nehemia, sura ya nane. Utawakuta watu wamekusanyika katika uwanja mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake, na wote walioweza kusikia na kufahamu. Ezra akasimama juu ya jukwaa la mti, akasoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, nao Walawi wakawaeleza watu maana yake mpaka ikafahamika. Watu wakaanza kulia, maana sasa waliona jinsi walivyokuwa wamekosa. Nehemia na wenzake wangeweza kuanza kuandika majina. Badala yake waliwaambia wanyamaze, waende wakale chakula kizuri, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Siku ile hakuadhibiwa mtu. Walikwenda nyumbani kula.

Kwaherini, mpaka asubuhi ya kesho, Bwana akipenda.