Kutia Mafuta Katika Trekta Nyumbani Bila Kujitesa

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wenye matrekta



Leo napenda tuzungumze juu ya kazi moja ndogo, ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ni kazi. Tumekwisha kusema mengi juu ya mbegu, samadi na palizi, lakini ni mara chache kusema juu ya kutia mafuta katika trekta. Nayo ni kazi ya kila siku ya kulima. Ikifanywa vibaya huumiza mgongo wa mtu, huharibu injini, na hupoteza zile siku chache za mvua ambazo hakuna duka linaloziuza.

Matrekta si mageni kwetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Ismani, katika Iringa, walikuwa wakilima mashamba makubwa ya mahindi kwa matrekta. Tangu wakati huo matrekta yamebadilika sana, lakini katika nyumba nyingi mafuta bado hupanda kwa bega la mtu. Kijana mmoja husimama juu ya gurudumu, mwingine humwinulia dumu, faneli hutikisika, mafuta humwagika juu ya injini, na vumbi la shamba huingia ndani ya tangi.

Hebu tufanye hesabu. Trekta la nguvu za farasi 50 likivuta jembe hutumia, kwa kadiri, lita 6 hadi 10 za dizeli kwa saa, kwa namna ya udongo na kina cha kulima. Tuseme kwa siku moja lahitaji lita 60. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Lita 20 za dizeli zina uzito wa kilo 17 hivi, bila kuhesabu dumu lenyewe. Madumu matatu ni kilo 51. Mkilima kwa siku 30, ninyi mmeinua kilo 1,530 hadi kifuani, yaani tani moja na nusu! Hapana haja ya kujitesa hivyo.

Kanuni yenyewe ni fupi: bega la mtu lisiwe ngazi ya mafuta. Ama yasukumwe na pampu, ama yashuke yenyewe kwa uzito wake. Ziko njia tatu, na kila mtu aweza kuchagua ile inayofaa kwa mfuko wake na mahali pake.

Njia ya kwanza ni pampu ya mkono. Pipa la lita 200 lina matundu mawili yenye vizibo, kubwa na dogo. Pampu ya kuzungusha kwa mkono hufungwa katika tundu kubwa, na bomba lake huteremka ndani ya pipa. Mtu husimama chini na kuzungusha, na mafuta hupita katika mpira mpaka kwenye tangi. Angalieni mambo mawili. Kwanza, ncha ya bomba isiguse chini ya pipa. Iache nafasi ya sentimita 7 hadi 10, maana huko chini ndiko maji na taka zinakolala. Pili, kizibo kidogo kilegezwe wakati wa kuvuta ili hewa iingie, kisha kikazwe tena mara kazi inapokwisha. Pampu moja yaweza kununuliwa na kikundi kizima na kutumiwa miaka mingi, mradi itunzwe ndani ya mfuko safi na isiachwe juani.

Njia ya pili ni kulilaza pipa mahali pa juu na kulitia koki. Pipa lililojaa dizeli lina uzito wa karibu kilo 190, wala si kitu cha kuinuliwa na watu wawili. Kwa hiyo nasema hivi: usipandishe pipa, shusha trekta. Kama kwako kuna mteremko, tafuta ukingo imara. Pipa likae juu ya ukingo, na trekta lisimame chini, mahali palipo sawa. Gari lililoleta mafuta liende upande wa juu, na pipa lishushwe polepole kwa mbao mbili na kamba. Asisimame mtu yeyote mbele ya pipa linaloteremka.

Kama kwako ni tambarare, jenga jukwaa la nguzo nene zilizofungwa mihimili ya kukingamana. Weka juu yake pipa tupu, kisha lijaze kwa pampu ya mkono. Wenye jukwaa wahitaji pampu pia, lakini hupampu mara moja tu pipa linapoisha, na siku nyingine zote hufungua koki tu.

Je, pipa liwe juu kiasi gani? Chukua ufito, pima kutoka ardhini mpaka mdomo wa tangi la trekta, utie alama. Sehemu ya chini ya pipa iwe juu ya alama hiyo kwa sentimita 30 au zaidi, ndipo mafuta yatakapotelemka yote bila kusita.

Koki itiwe katika tundu dogo pipa likiwa bado limesimama, na iwe imefungwa. Ndipo pipa lilazwe, koki ikiwa chini na kizibo kikubwa kikiwa juu. Likingwe kwa vipande vya mti pande zote mbili lisije likabingirika. Tena, upande wa nyuma uwe chini kidogo kuliko upande wa koki, kadiri ya sentimita 5 hivi. Hivyo maji na taka zitakwenda nyuma na kulala huko, na kwenye koki yatatoka mafuta safi. Wakati wa kutia, legeza kizibo cha juu kidogo ili hewa iingie. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Mpira wa kumwagilia bustani huharibika kwa dizeli, na vipande vyake huweza kuingia katika tangi.

Njia ya tatu yafaa kwa mtu asiye na pipa, anayenunua mafuta kwa madumu. Dumu na liwekwe juu ya tela au juu ya meza imara iliyo juu kuliko mdomo wa tangi, na mafuta yavutwe kwa mpira. Iko mipira yenye gololi ndogo katika ncha yake. Ukitumbukiza ncha hiyo katika dumu na kuitikisa juu na chini mara kadhaa, mafuta huanza kupita yenyewe. Iko pia yenye tufe la mpira la kuminya kwa mkono.

Lakini nawaonya kwa nguvu: usivute mafuta kwa mdomo! Wengi wetu tumezoea kufanya hivyo, nasi hudhani ya kuwa ubaya wake ni ladha tu. Sivyo. Mafuta kidogo yakipita njia ya pumzi na kuingia mapafuni huleta ugonjwa mkali, nao waweza kuua. Mtu akiyameza, asitapishwe, maana wakati wa kutapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Sasa nije kwenye usafi. Injini ya dizeli yaweza kuvumilia mengi, lakini haivumilii maji wala mchanga. Vile vipuli vya kusukuma na kunyunyiza mafuta vimechongwa kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Punje ya vumbi usiyoiona yatosha kuvikwaruza, na bei ya vipuli hivyo yaweza kumeza faida ya mavuno. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maji huingiaje katika pipa lililofungwa? Mchana pipa hupata joto, na hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka; usiku hupoa na kuvuta hewa ndani. Kama maji ya mvua yamesimama juu ya kizibo, nayo huvutwa. Kwa hiyo pipa likae kivulini, chini ya paa. Kama hapana paa na pipa limesimama, litiliwe kabari upande mmoja liiname, ili maji yasituame kwenye vizibo. Likisha kuletwa kutoka mjini na kutikiswa njiani, liacheni litulie siku moja nzima kabla ya kuvuta, maana maji ni mazito kuliko dizeli nayo yatashuka chini. Pipa likikaribia kwisha, msiyatie yale mabaki ya mwisho katika trekta. Yatoeni katika chombo, wala msiyamwage karibu na kisima au mto.

Msiweke dizeli katika vyombo vilivyopakwa zinki ndani, kama ndoo za bati. Zinki hushikana na dizeli na kufanya uchafu unaoziba chujio. Pipa la chuma tupu, au chombo kilichotengenezwa kwa mafuta, ndicho kifaacho. Faneli iwe na chujio la waya laini. Usichuje kwa kitambaa cha pamba, maana nyuzi zake hutoka na kwenda kuziba. Na kabla ya kufungua mdomo wa tangi, futa vumbi lililouzunguka.

Wakati mzuri wa kutia mafuta ni jioni, kazi inapokwisha na injini ikiwa imezimwa na kupoa. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyo ndani hupoa usiku na kuacha umande katika kuta za tangi, na asubuhi mna maji ndani. Likilala limejaa, umande hauna mahali pa kukaa. Lakini msijaze mpaka mdomoni; acheni nafasi ya vidole vitatu, kwa kuwa mafuta hutanuka jua likiwaka. Wala msiliache trekta liishiwe mafuta kabisa shambani. Hewa ikiingia katika mabomba, matrekta mengi hayawaki mpaka fundi afungue na kuitoa, na asubuhi nzima ya kulima imepotea.

Haya yote niliyosema ni kwa dizeli tu. Petroli ni kitu kingine. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja, basi msiiweke petroli katika pipa la jukwaani, wala msiichanganye na dizeli. Dizeli nayo ni moto, ingawa haina haraka. Pasiwe na sigara wala jiko karibu. Pipa liwe mbali na nyumba, ghala na banda la ng'ombe, hatua 20 au zaidi, na ndoo mbili za mchanga mkavu ziwepo daima. Mafuta yakiwaka yazimeni kwa mchanga, wala si kwa maji, maana mafuta huelea juu ya maji na kuueneza moto. Kabla ya kuweka mapipa nyumbani, ulizeni katika ofisi ya wilaya au kwa watu wa zimamoto ni kiasi gani kinaruhusiwa.

Jambo la mwisho ni la watoto. Kamwe usitie dizeli, mafuta ya taa wala petroli katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa. Kila chombo cha mafuta kiwe na rangi yake, kifungwe, na kiwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Koki ya pipa nayo itiwe kufuli.

Basi, ndugu zangu, msingoje mvua. Juma hili, kabla mawingu hayajakusanyika, fanyeni mambo manne: pimeni kimo cha tangi kwa ufito, chagueni mahali pa pipa, penye kivuli na mbali na nyumba, nunueni au changieni pampu au mpira ufaao, na oshеni faneli na kulitazama chujio lake. Siku ya kwanza ya mvua jirani yenu atakuwa bado anatafuta kijana wa kumwinulia dumu. Ninyi mtakuwa mmejaza tangi jana yake jioni, na jembe lenu litakuwa ardhini.