Ugali Ukikwama Kooni, Tusingoje

Hapa kwetu Kisii na Nyamira saratani ya njia ya chakula si ngeni. Huanza hivi: ugali wa wimbi unakwama, kisha uji, mwisho hata mate. Wengi wetu tumesema, "Huyu amerogwa," tukapoteza miezi.

Ugali ukikwama wiki mbili, tumpeleke mgonjwa hospitali apimwe kwa kamera, na kipande kidogo cha nyama kichunguzwe. Ikigunduliwa mapema, kuna upasuaji, dawa na miale. Ikichelewa, Hospitali ya Tenwek, Bomet, huweka kimrija cha waya ili mgonjwa ameze tena.

Chai tuiache ipoe. Chang'aa na sigara tuviache kabisa.

Basi kikundi kichange nauli, kimsindikize, kimpikie uji. Tusimwache peke yake.