Seva Inapokosa Diski Yake

Juma lililopita tulieleza jinsi seva nyingi zinavyoweza kutumia ghala moja la diski. Leo tutaeleza la kufanya seva ya namna hiyo ikikataa kuamka, yaani ikishindwa kupakia mfumo wake na kuanza kazi. Shika kalamu na karatasi, maana mwishoni nitakupa kazi.

Kwanza tukumbushane. Kompyuta ya kawaida ina diski tumboni mwake, na mfumo endeshi umo humo. Lakini zipo seva zisizo na diski hata moja ndani. Mfumo wake umewekwa katika ghala la diski, pengine chumba cha pili. Njia yake ni hii: kadi ya adapta iliyo ndani ya seva, waya wa nyuzi za kioo, swichi, waya mwingine, kisha ghala. Pakikatika mahali pamoja tu, seva haiioni diski, nayo huandika kwamba haikupata pa kuanzia.

Hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Wakiyaona maneno hayo husema, "Diski imekufa," wakaanza kuweka mfumo upya. Ndugu msikilizaji, usifanye haraka hiyo! Huenda diski ni nzima na kila kitu kimo, ila njia imefungwa. Tena, katika pupa yako, waweza kuchagua diski ya seva nyingine, ukafuta hesabu za akiba za watu mia. Kazi ya saa mbili ikageuka msiba.

Basi tuifuate njia, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni taa. Tazama taa ya kadi na taa ya swichi. Ikiwa hazionyeshi kwamba zimeunganika, kagua waya. Je, umekunjwa mno? Ncha ina vumbi? Umeingia sawasawa? Lakini usichungulie kamwe ndani ya ncha ya uzi wa kioo. Mwanga upitao humo mara nyingi hauonekani kwa macho, nao waweza kuyadhuru.

Hatua ya pili ni jina. Kila mlango wa kadi ya Fibre Channel una namba yake ya utambulisho, yenye alama 16: tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Sasa fikiri ghala la mizigo lenye walinzi wawili. Mlinzi wa kwanza ni swichi: ana orodha ya nani aruhusiwe kuonana na nani. Wa pili ni ghala lenyewe: ana orodha ya nani afunguliwe chumba kipi. Kadi yako iliharibika jana, ukatia mpya. Kadi mpya imekuja na namba mpya, na walinzi wote wawili wameshika orodha ya zamani. Watamfungulia mgeni? Hawatamfungulia! Iandike namba mpya katika orodha zote mbili.

Seva nyingine hulifikia ghala kwa mtandao wa kawaida, kwa njia ya iSCSI. Huko linganisha jina la seva herufi kwa herufi, hakikisha anwani ya ghala, kisha uulize kama mlango namba 3260, unaotumika kwa kawaida, haukuzuiwa.

Hatua ya tatu ni ruhusa. Ingia katika mipangilio ya kadi. Je, imeruhusiwa kuamsha seva? Imeambiwa ni diski ipi? Kadi mpya huenda haikupangwa hivyo. Kisha tazama mpangilio wa seva yenyewe: diski hiyo iko mbele katika zamu ya kuamkia?

Hatua ya nne ni kuangalia seva inasimama wapi. Ikiwa mfumo umeanza kupakiwa, ndipo ukakwama, basi diski ilionekana mwanzoni. Sasa shuku draiva ya kadi. Katika Windows waweza kuona namba 0x0000007B, yaani mfumo umeshindwa kuifikia diski yake. Katika Linux, tazama kama draiva imo katika initramfs, kile kifurushi kidogo kinachopakiwa kabla ya diski kuu kufunguliwa.

Shika kanuni hii: badilisha jambo moja, jaribu, andika ulichokiona, ndipo uende kwa jingine. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na seva ikaamka, hutajua iliyoiponya ni dawa ipi.

Kazi yako juma hili ni hii. Nenda kwenye seva iliyo nzima, uandike namba za kadi zake, swichi iliyoungwa nayo, na diski inayoamkia. Karatasi hiyo iweke mahali utakapoipata hata kompyuta zote zikizimika. Siku ya msukosuko utaishukuru.

Kwaherini, hadi juma lijalo.