Marjorie Townsend na Setilaiti Iliyorushwa Ngomeni



Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyeipa setilaiti hiyo jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wake, ni meneja wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend wa NASA. Wanafalaki kote duniani wanalijua jina la Uhuru. Aliyelichagua hatajwi sana, hata huku kwetu pwani, na jambo hilo linaniuma.

Townsend alizaliwa Washington mwaka 1930. Mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Alianza kazi kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, akishughulikia ishara za sona, kisha mwaka 1959 akahamia kituo cha Goddard cha NASA, kwenye setilaiti za hali ya hewa. Mwaka 1966 alikabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo za falaki (SAS). Hakuna mwanamke aliyewahi kusimamia urushaji wa setilaiti NASA kabla yake. Nyumbani alikuwa na watoto wanne wa kiume.

Wapo wanaosema kwamba sayansi ya Uhuru ni ya Riccardo Giacconi na wenzake, waliounda kifaa cha kunasa miale, na kwamba meneja kazi yake ni ratiba na fedha. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko Ngomeni kwenyewe.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, angahewa huzizuia. Kabla ya Uhuru watafiti walitegemea roketi zilizochungulia juu kwa dakika chache na kuanguka. Setilaiti ingeweza kutazama kwa miezi, lakini kama ingerushwa kutoka Florida, njia yake ingeipitisha tena na tena juu ya Atlantiki ya kusini, mahali ambapo chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini zaidi. Kuhesabu eksirei katikati ya chembe hizo ni sawa na kutega sikio kwa mnong'ono sokoni. Njia iliyo karibu kabisa na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya balaa hilo, na mzunguko wa dunia huisukuma zaidi roketi ndogo. Ndiyo maana setilaiti ya Wamarekani ilirushwa na Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio kutoka bahari ya Kenya. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo: setilaiti ya Marekani kurushwa na mafundi wa nchi nyingine. Kuifikisha salama kazi ya namna hiyo ni sehemu ya ugunduzi.

Matokeo yake mnayajua wanafizikia. Uhuru ilionyesha kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8, na hufichika nyuma ya nyota mwenzake kila siku mbili na kidogo: nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya jirani yake. Ilionyesha chanzo kingine, Cygnus X-1, kikimetameta kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wenye darubini walipopima mwendo wa nyota iliyo pembeni yake, shimo jeusi likaacha kuwa nadharia tupu. Mpaka ilipozimika Machi 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya data iliyozaa orodha ya vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Townsend aliirudia kazi hiyo mara mbili zaidi kwenye jukwaa lilelile, kwa SAS-2 ya miale ya gama mwaka 1972 na SAS-3 mwaka 1975. Italia ilimtunuku nishani. Alifariki mwaka 2015. Ombi langu kwa idara zetu za fizikia na uhandisi ni hili: siku mnapofundisha Cygnus X-1, fundisheni pia hesabu ya njia ile ya ikweta, na mwandike ubaoni jina la mhandisi aliyeusimamia mradi.