Ugaidi Umebadilika, Nasi Tubadilike

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi kuhusu usalama)



Walio na umri wanakumbuka mkesha wa Mwaka Mpya, Desemba 31, 1980, bomu lilipolipuka katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Wengi waliliona kuwa kisasi kwa kuwa Kenya iliruhusu ndege za Israeli kutua Nairobi wakati wa uokoaji wa mateka wa Entebbe, 1976. Agosti 7, 1998, Al-Qaeda ililipua ubalozi wa Marekani. Watu 213 walifariki Nairobi, wengi wao Wakenya. Mwaka wa 2002 ikalengwa hoteli ya Waisraeli kule Kikambala, Kilifi. Ugomvi ulikuwa wa wengine, lakini maiti tulizika sisi.

Jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011, al-Shabaab waliwageukia Wakenya wenyewe. Badala ya lori la bomu, wakaja watu wachache wenye bunduki: Westgate, 2013, watu 67 wakauawa, Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148. Waliwatenga watu kwa dini, ili sisi tuliobaki tuchukiane.

Na si wote waliotoka nje. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake, chifu kule Mandera, alikuwa ameripoti kwamba mwanawe ametoweka. Siku hizi kijana anaweza kushawishiwa kwa simu akiwa kitandani kwake, kwa mafundisho potovu au ahadi ya kazi nje ya nchi.

Desemba 2015, basi lilishambuliwa likielekea Mandera. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea, akafariki Januari 2016. Magaidi walitaka kutugawanya, wakashindwa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kijana akianza kujitenga, kuacha masomo ghafla au kuaga safari isiyoeleweka, zungumza naye mapema. Mwambie chifu, mzee wa Nyumba Kumi au kiongozi wa dini unayemwamini. Ukiona hatari, piga 999 au 112. Lakini usimshuku mtu kwa jina, kabila au vazi lake. Ukimfukuza jirani asiye na hatia, umewafanyia magaidi kazi yao.