Simu ya Upepo Ndani ya Majumba

Jioni hii twataka kunena juu ya chombo kidogo ambacho askari wa zimamoto hukichukua kifuani, yaani simu ya upepo ya mkono, na jinsi kinavyoweza kuwa bubu mara tu mwenyewe aingiapo ndani ya jumba.

Labda msikilizaji wa Njinjo atauliza: Hayo yatuhusu nini sisi tukaao katika bonde la Matandu, ambako ghorofa ni za kuhesabika? Yatuhusu sana. Vijana wetu wa Kilwa na Lindi ndio waendao Dar es Salaam kuchuuza. Hata jina la Wamachinga limetoka huku kwetu Kusini. Na siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jumba la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo penye maduka, na waliokufa walipita 25. Waokoaji walifaulu kusemezana na baadhi ya waliokwama chini, wakawapelekea hewa ya oksijeni, maji na glukosi. Sauti ikisikika, mchimbaji ajua pa kuchimba na pa kusimamisha mitambo. Isiposikika, achimba kwa kubahatisha.

Basi, kwa nini sauti hupotea? Nyumba ya miti na udongo haiyazuii sana mawimbi ya simu ya upepo. Lakini zege la ghorofa limesukwa nondo ndani yake kama jarife la mvuvi, na vioo vya siku hizi vimepakwa utando mwembamba wa madini ili kuzuia joto la jua. Vyote viwili huyanyonya mawimbi au huyarudisha yalikotoka. Mawimbi marefu, yenye urefu wa mita 2 hivi, husafiri vizuri juu ya vilima na mapori kama ya kwetu. Yale mafupi, ya sentimita 70 hivi, huchoka upesi porini, ila ndani ya jumba hupenya vizuri zaidi madirishani na katika ngazi. Kwa hiyo chombo kilichosifiwa njiani kwenda Liwale chaweza kumwaibisha mtu Kariakoo. Tena nguvu yake ni kama wati 5 tu, na msemaji amevaa barakoa, na moto unavuma masikioni mwake.

Mfano ulio mchungu kuliko yote ni wa New York, tarehe 11 Septemba 2001. Jumba la kusini lilianguka saa 3 na dakika 59 asubuhi. Wakuu wakatoa amri kwa simu ya upepo kwamba askari wote watoke katika jumba la kaskazini, nalo likasimama dakika 29 tu baada ya mwenzake. Wengi waliokuwa juu hawakuisikia amri hiyo. Siku ile walikufa askari wa zimamoto 343. Nao mtambo wa kupokea sauti na kuitoa tena kwa nguvu, ambao mafundi huuita ripita, ulikuwapo; uliwekwa baada ya bomu la mwaka 1993. Lakini katika jumba la kaskazini kitufe chake kimoja hakikubonyezwa, wakuu wakadhani mtambo ni mbovu, wakauacha.

Sisi twaona kwamba kununua vyombo vya bei kubwa si dawa peke yake. Mwenye kujenga ghorofa na alazimishwe kutandaza humo waya wenye matundu uvujishao mawimbi kila sakafu, kama ule wa migodini, na zimamoto waupime kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Gharama itamwuma, twajua. Pasipo na waya huo, askari hubeba ripita ndogo na kuiacha mlangoni au katika ngazi. Na ikikosekana hiyo, watu hujipanga kwa zamu, huyu akimpokeza yule neno, kama wapokezanavyo ndoo za maji kisimani.

Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mpigaji na aseme mtaa, ghorofa ya ngapi, ngazi iko upande gani, na kama kuna vyumba chini ya ardhi, kwa maana huko ndiko sauti ya askari itakakokatika kwanza.