Kurtz alikaa hapa kwetu Boyoma



Tumemaliza kusoma pamoja *Au cœur des ténèbres*, kitabu cha Joseph Conrad cha 1899, na tuligombana. Wamoja wetu walisema Kurtz alikuwa mugonjwa tu, pori lilimuharibu kichwa. Wengine tukakataa. Pori gani? Hapa ni kwetu. Wagenya walikuwa wanatega samaki kwenye maporomoko mbele yake na nyuma yake, na hakuna aliyefunga vichwa vya watu kwenye miti juu ya pembe za tembo.

Riwaya haitaji jina la muji wala la mto. Lakini Conrad mwenyewe alifika hapa mwezi wa tisa 1890, ndani ya masua *Roi des Belges*. Wakati ule paliitwa Stanley Falls. Walishuka na ajenti mugonjwa, Georges-Antoine Klein, akafia njiani. Na mu 1895 musafiri Mwingereza, Glave, aliandika kwamba Léon Rom, mukubwa wa hapa, alipamba bustani ya maua mbele ya nyumba yake na vichwa 21 vya watu. Hatusemi Rom ndiye Kurtz, Conrad hakusema vile. Tunasema tu kwamba vichwa havikuwa hadisi.

Sasa, kitu kilichotuchoma zaidi ni ile raporo. Kurtz aliandika kurasa 17, Kifaransa kizuri (sisi tulisoma mu Kifaransa), maneno ya maendeleo na huruma, mutu unasoma unataka kupiga makofi. Kisha chini kabisa, kwa mukono unaotetemeka, anaongeza kwamba watu wote wauawe. Wazo moja, karatasi moja.

Halafu Marlow, mwenye kusimulia, anarudi Ulaya na ile raporo. Marlow ni mutu muzuri! Anasema anachukia uongo. Lakini anapasua ule mustari wa chini, anampa mwandishi wa gazeti raporo iliyo safi. Na muchumba wa Kurtz anapomuuliza neno la mwisho la marehemu, anamudanganya.

Hapo tulifunga kitabu kwanza. Kurtz tulimuchukia toka mwanzo, ni kazi rahisi, amekufa. Lakini Marlow tunamujua. Hakuua mutu. Ana adabu, anatusalimia vizuri, na amepasua karatasi. Kwetu wengi, yeye ndiye mbaya zaidi. Kuna dada mumoja kati yetu hakubali mupaka leo, anasema Marlow alihurumia mwanamuke mwenye kilio. Tumemuachia haki yake.

Chinua Achebe alimushitaki Conrad mwenyewe mu 1975, kwamba alifanya Mwafrika kuwa kivuli. Hesabuni majina ya weusi ndani ya kitabu. Hakuna hata moja. Wale 21 wa Rom pia, hakuna jina.

Na sisi je? Tarehe 5 mupaka 10 mwezi wa sita 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigania muji huu siku sita. Raporo Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, inasema raia waliokufa ni kati ya 244 na 760. Toeni hesabu: watu 516 wako katikati, wapo au hawapo. Mu 2022 Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa makosa yake mu inchi yetu. Pesa ina hesabu yake kamili. Watu hawana.

Kwa hiyo Jumamosi tunarudi hapa, lakini bila riwaya. Kila mumoja aulize nyumbani, kwa mama, kwa tantine, kwa jirani muzee: nani wa parcelle yetu alikufa mu zile siku sita, aliitwa nani, alikuwa na miaka ngapi. Mulete na daftari. Bic tunazo.